Piga hodi kwanza: mwongozo kamili wa kutafiti tabianchi pamoja na wenyeji wa Aktiki

Kwa Mswahili, siku ni Jumatatu na Jumanne. Kwa Wainuit wa Nunavut, kaskazini mwa Kanada, siku ni barafu ya bahari: sakafu nyeupe inayoifunga bahari kwa miezi mingi ya mwaka, na ambayo juu yake mtu huenda kuwinda sili au kuwatembelea ndugu wa kijiji cha pili. Lugha mbili zisizojuana kabisa zimegongana kwenye neno moja. Nimeanza nalo kwa sababu mwongozo huu una yote mawili ndani yake: barafu yenyewe, na hesabu ya siku utakazokaa ukisubiri kabla hujaruhusiwa kuikanyaga.

Nawaandikia vijana wetu wanaosomea jiografia, mazingira, hali ya hewa, afya ya jamii au sosholojia, walioko Dar, Nairobi na Kampala, na wale waliokwisha kufika Tromsø, Norwei, au Edmonton, Kanada, na sasa wanafikiria kufanyia tasnifu yao huko juu. Swali la kwanza ninaloulizwa huwa ni la makoti. Makoti tutayafikia. Tuanze na watu.

Sababu za mtu wa kwetu kujali Aktiki, eneo linaloizunguka ncha ya kaskazini ya dunia, zipo. Tangu 1979 joto la huko limepanda karibu mara nne ya wastani wa dunia. Barafu ya nchi kavu ya Greenland, ikiyeyuka yote, ingeinua bahari kwa zaidi ya mita 7. Na kuna jambo la fizikia ambalo wengi hawalijui: lile rundo la barafu ni zito kiasi kwamba linayavuta maji ya bahari yalielekee. Linapopungua, mvuto nao hupungua, maji ya karibu na Greenland hushuka, na ya mbali, yakiwemo ya Lamu na Unguja, hupanda kuliko wastani. Kwa hiyo anayepima barafu kule anapima pia ukuta wa bahari wa Mombasa. Ila hiyo ni sababu yako wewe ya kwenda. Mwenyeji anahitaji sababu yake ya kukupokea, na hapo ndipo maandiko mengi ya utafiti hujikwaa.

Hatua ya 1: Jua unaingia nyumba ya nani

Picha tuliyonayo kichwani ni jangwa jeupe na dubu mmoja anayetia huruma. Futa. Aktiki ina watu kama milioni 4, na takriban mmoja kati ya kumi ni wa jamii za asili: Wainuit, Wasami, Wanenet, Wachukchi, Wagwich'in na wengineo. Baraza la Aktiki, lililoundwa mwaka 1996 kwa Azimio la Ottawa, lina nchi 8 wanachama na mashirika 6 ya jamii za asili yenye viti vya kudumu. Mashirika hayo hayapigi kura, lakini yanakaa meza moja na mawaziri na ni lazima yashauriwe.

Chagua sehemu moja. Usiandike "Aktiki" kama watu wanavyoandika "Afrika". Upande wa Urusi, wenye zaidi ya nusu ya pwani yote ya huko, umekuwa mgumu kufikiwa tangu ushirikiano wa kisayansi na nchi za Magharibi ulipovunjika mwaka 2022, kwa hiyo mwanafunzi asiutegemee. Ukitaka miamba na barafu bila wenyeji wa asili, ipo Svalbard, visiwa vya Norwei, ambako hakujawahi kuwa na jamii ya asili. Ila kumbuka kwamba ingawa Svalbard yenyewe haidai viza, njia ya kawaida hupitia bara la Norwei na viza ya Schengen utaihitaji.

Mimi nitatumia Nunavut kama mfano, kwa kuwa taratibu zake zimeandikwa wazi. Eneo hili lilizaliwa rasmi tarehe 1 Aprili 1999. Kwa ukubwa linazidi Tanzania mara mbili. Kwa watu, sensa ya 2021 ilihesabu kama 37,000, ambao wote wangeingia Uwanja wa Mkapa na viti vikabaki. Wanaishi katika miji na vijiji 25, na hakuna hata kimoja chenye barabara ya kwenda kusini. Ni ndege, au meli wakati wa kiangazi.

Hatua ya 2: Swali liwe la kwao pia

Nikiwa darasa la sita, wageni walikuja mtaani kwetu na karatasi zilizobanwa kwenye vibao. Walimhoji bibi yangu saa nzima kuhusu maji ya kisima. Walimpa soda na fulana. Bibi aliivaa ile fulana mpaka ikatoboka kwapani, na kila mara alipoivaa aliuliza: "Hivi wale watu walipata jibu gani?" Hatukuwahi kujua. Wainuit wanalo toleo lao la fulana ile. Hutaniana kwamba familia kamili ya Kiinuit ni baba, mama, watoto na mwanaanthropolojia mmoja.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu hatua hii kilitokea Alaska. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga marufuku uwindaji wa nyangumi wakubwa wa Aktiki, wale wenye taya lililopinda kama upinde, kwa kuwa makadirio yalionyesha wamebaki wachache sana, chini ya 2,000. Wawindaji wa Kiinupiat wa Barrow, mji ambao tangu 2016 umerudia jina lake la asili, Utqiaġvik, walikataa. Walisema: mnahesabu wanaopita kwenye ufa wa maji mnaouona kutoka ukingoni. Wengine hupita chini ya barafu, huivunja kwa kichwa na kupumua kwenye tundu dogo, na wengine hupita mbali machoni pako hawafiki. Mzee Harry Brower Sr. alilieleza jambo hilo kwa subira kwa mwanasayansi Tom Albert, aliyekuwa akifanya kazi na serikali ya mtaa ya North Slope. Albert alikubali kuwa mwanafunzi. Vipaza sauti vya majini vilitumbukizwa chini ya barafu, na nyangumi wakasikika wakipita hata siku ambazo ufa ulikuwa umefungwa na hakuna aliyeonekana. Idadi ikapanda. Hesabu ya 2011 ilifika karibu 17,000.

Hapo mwenye kujua alikuwa mwindaji, na mwenye vifaa vya kuthibitisha alikuwa mwanasayansi. Kama kila mmoja angebaki kwake, wawindaji wangekosa chakula na sayansi ingebaki na namba ya uongo.

Mfano wa pili ni mfupi. Mwanasayansi wa tabianchi hupenda wastani wa joto. Mfugaji wa kulungu wa kaskazini huko Yamal, Siberia, anauliza jambo jingine: je, mvua itanyesha juu ya theluji? Mvua hiyo ikiganda huwa bamba gumu, na mnyama hawezi kulichimba kwa kwato afikie malisho. Novemba 2013 ilinyesha, ikaganda, na kulungu 61,000 wakafa kwa njaa. Wastani wa joto wa mwezi huo usingekueleza hayo.

Kwa vitendo basi: kabla hujaandika andiko la kuombea fedha, tafuta vipaumbele ambavyo wenyeji wamekwisha kuvitangaza. Shirika la kitaifa la Wainuit wa Kanada, Inuit Tapiriit Kanatami, lilitoa mkakati wake wa utafiti mwaka 2018. Baraza la Wainuit wa nchi zote nne wanamoishi, Inuit Circumpolar Council, lilitoa mwaka 2022 kanuni za namna ya kushirikiana nao kwa haki. Zisome zote mbili. Kisha andika swali lako kwa sentensi mbili, ulitume, na ukubali lirudi limebadilishwa.

Hatua ya 3: Piga hodi, halafu ungoje "karibu"

Kwetu mtu haingii nyumba ya mwenzie kwa kusukuma mlango. Huita hodi, na asipojibiwa hata mara ya tatu huondoka. Fanya vivyo hivyo, na ufanye mapema: mwaka mmoja kabla ya safari si mapema mno.

Wa kuwapigia hodi ni hawa. Kwanza ofisi ya mji, kwa meya na madiwani wake. Pili chama cha wawindaji na watega mitego, ambacho kila kijiji cha Nunavut kinacho, na ambacho ndicho chenye sauti juu ya barafu, wanyama na njia. Tatu kituo cha utafiti cha mahali hapo, kama kipo. Barua pepe pekee haitoshi. Piga simu. Ukiambiwa utume kwa faksi, tuma kwa faksi wala usicheke.

Bodi ya wawindaji hukutana kwa ratiba yake, na barua yako itasubiri kikao. Aprili na Mei, mchana unaporefuka na barafu bado ni imara, familia huhamia kambini kuwinda na kuvua. Na miezi hiyohiyo ndiyo watafiti wa kusini huitamani. Kiangazi kuna samaki, kuna meli ya mizigo. Kukitokea kifo kijijini, vikao huahirishwa na kila kitu husimama. Hili hatuhitaji kufundishwa. Mtu anayekuja na dodoso kwenye msiba hata kwetu hukaribishwa kwa macho tu.

Kikao cha kwanza kiwe cha kujitambulisha. Chai, vitafunwa, mkalimani aliyelipwa, na zawadi ndogo za bahati nasibu kwa waliohudhuria, ambao ni utamaduni wa mikutano ya huko. Tangazo lipite redio ya kijiji, kwa kuwa redio bado husikilizwa jikoni. Usiweke slaidi arobaini. Weka ramani moja kubwa mezani na kalamu.

Jizoeze pia kutazama nyuso. Mwinuit akiinua nyusi amesema ndiyo. Akikunja pua amesema hapana. Kinasa sauti hakisikii nyusi, na mahojiano mazima yanaweza kurudi chuoni yakiwa maswali yako matupu na ukimya katikati. Na ukimya wenyewe usiukimbilie kwa swali jingine. Mzee aliyenyamaza huenda anatafuta pa kuanzia. Kumrushia maswali mfululizo ni utovu wa adabu, kama ilivyo kumhoji babu yako kana kwamba yuko kizimbani.

Hatua ya 4: Vibali

Sehemu hii haina utamu, basi niipitie haraka. Kama Tanzania ilivyo na COSTECH na Kenya NACOSTI, Nunavut ina Nunavut Research Institute, iliyoko Iqaluit, inayotoa leseni ya utafiti chini ya Sheria ya Wanasayansi. Maombi hudai muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiingereza na Kiinuktitut. Kiinuktitut cha huko huandikwa kwa herufi zake zenyewe za silabi, hivyo utahitaji mfasiri wa kweli. Mashine itakuaibisha. Ukigusa wanyamapori, kuna kibali kingine cha idara ya mazingira. Ukigusa mabaki ya kale, cha idara ya utamaduni. Kazi ya ardhini hupitia kwanza Tume ya Mipango ya Nunavut, na ardhi inayomilikiwa na Wainuit ina ruhusa ya chama cha Wainuit cha mkoa husika. Juu ya hayo yote iko kamati ya maadili ya chuo chako. Jipe miezi mitatu kwa uchache; ukijipa sita utalala usingizi.

Maeneo ya Northwest Territories huhudumiwa na Aurora Research Institute ya Inuvik. Alaska haina leseni moja: utagonga milango ya baraza la kabila, ya serikali ya mtaa na ya shirika la wenyeji linalomiliki ardhi. Kosa la kawaida ni kuchukua leseni kama karibu. Leseni ni ya serikali. Karibu hutolewa na kijiji, na kijiji kinaweza kukunyima hata ukiwa na karatasi yenye mihuri yote.

Hatua ya 5: Bajeti inayoheshimu watu

Fungua jedwali lako la bajeti utazame mstari wa mwisho. Kama wenyeji wamo kwenye "mengineyo", anza upya. Mwongoza njia ni mtaalamu na hulipwa kama mtaalamu. Vivyo hivyo mkalimani, mfasiri, mlinzi wa dubu mwenye bunduki, mpishi, na mwenye pikipiki ya theluji ambayo wewe utakuwa unaichakaza. Viwango viulizwe kijijini, usivipange chuoni. Mzee anayekaa nawe akikufundisha hapewi ujira wa saa kama kibarua. Kuna posho ya heshima, na kijiji kitakwambia ni kiasi gani na itolewe vipi. Itolewe siku ileile. Hakuna mzee anayepaswa kungoja idara ya fedha ya chuo kikuu imalize kujadili kama ana namba ya mlipakodi.

Weka pia fedha ya safari ya kurudi. Hii ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikizidi, nami naomba uipiganie kuliko kompyuta mpya. Ndege za Kaskazini ni ghali. Safari ya ndani ya Nunavut mara nyingi hugharimu kuliko kuvuka Atlantiki. Na tenga siku za ziada, kwa sababu ukungu ukitanda ndege haitui, na chumba cha wageni kinaendelea kuhesabu.

Hatua ya 6: Kukusanya data bega kwa bega

Majira ya baridi ya mwaka 2009 kuingia 2010 yalikuwa ya joto lisilo la kawaida huko Nain, pwani ya Labrador, katika eneo la Wainuit liitwalo Nunatsiavut. Barafu ilichelewa kufunga, watu wakakwama, wengine wakatumbukia. Barafu ndiyo barabara yao, na barabara ilikuwa haieleweki tena. Serikali ya Nunatsiavut na watafiti wa Chuo Kikuu cha Memorial, akiwemo Trevor Bell, wakaanzisha SmartICE. Kifaa chao kimoja ni kitambuzi kinachofungwa juu ya qamutik, sleji ya mbao ya Kiinuit, na kuburutwa nyuma ya pikipiki ya theluji. Hupima unene wa barafu kwa sumakuumeme bila kuitoboa. Kingine ni boya linalogandishwa ndani ya barafu yenyewe na kutuma joto lake. Wanaoviendesha ni wenyeji walioajiriwa na kufunzwa. Wao ndio wanaochagua njia zipi zipimwe, maana wanajua nani hupita wapi na lini.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Mwendeshaji anakwenda polepole, kisanduku kikiruka nyuma yake. Namba inaandikwa kwenye skrini. Ghafla anasimama. Namba haina tatizo, ila mbele kuna rangi asiyoipenda, kijivu kidogo, kama kitambaa kilicholowa. Anashuka na unaaq, mti mrefu wenye ncha ya chuma, anatembea mbele ya mashine akipiga chini. Ncha ikipenya kwa pigo moja, hapo hapakanyagwi. Anarudi, anazunguka mbali. Kitambuzi kimeongezwa juu ya ujuzi huo, na kila mpigo wa unaaq ni kipimo ambacho mtafiti makini hukiandika kwenye daftari pamoja na namba.

Kisha kuna maneno. Ripoti zetu huandika "barafu" mara mia mbili. Mwindaji anasema sikuaq kwa utando mwembamba wa mwanzo, sikuliaq kwa barafu changa, tuvaq kwa ile iliyoshikamana na nchi kavu, sinaa kwa ukingo inapokutana na maji, na qinu kwa uji wa barafu ufukweni. Fikiria mtafiti aliyekwenda Lamu akaandika "maji" tu, asitenganishe bamvua na maji mafu, halafu ashangae kwa nini wavuvi hawaielewi chati yake. Kwa hiyo katika fomu yako ya data weka safu ya jina la Kiinuktitut kabla ya safu ya sentimita. Jina hubeba hatari, umri na mahali. Sentimita hubeba sentimita.

Ukitaka chombo kilichokwisha kutengenezwa kwa njia hiyo, tazama SIKU, programu ya simu na mtandao iliyozinduliwa mwaka 2019 na Arctic Eider Society, shirika la Sanikiluaq, kijiji cha visiwani katika Ghuba ya Hudson. Mwindaji hupiga picha ya barafu, huiweka jina kwa lugha yake, hurekodi njia na mnyama aliyemwinda. Greenland nako, tangu 2009, mpango wa PISUNA umewawezesha wavuvi na wawindaji kurekodi wanachokiona na kupendekeza wenyewe hatua za usimamizi.

Hatua ya 7: Data ni ya nani?

Andikeni mkataba kabla ya kipimo cha kwanza. Mataifa ya Asili ya Kanada (First Nations), ambayo si ya Wainuit, yana kanuni nne ziitwazo OCAP: umiliki, udhibiti, ufikiaji na utunzaji wa data viwe mikononi mwao. Ni zao, Wainuit wana misimamo yao wenyewe, lakini maswali ni yaleyale. Nakala inakaa wapi? Nani anaweza kuifuta? Mwanafunzi mwingine akiitaka miaka kumi ijayo, anamwomba nani? Katika SIKU anayeandika chapisho ndiye mmiliki wake na ndiye anayeamua nani alione.

Jihadhari hasa na ramani. Mzee akikuonyesha mahali samaki hujificha wakati wa baridi, au makaburi ya wazee wake, amekuonyesha wewe. Wafadhili wengi siku hizi hudai data zote ziwekwe wazi, nami siku zote humwambia mwanafunzi: zungumza na mfadhili mapema, kabla hujaahidi pande zote mbili mambo yanayopingana. Na jina la mtu aliyekufundisha? Muulize. Wengine wanataka kufichwa, na wengine wanaudhika wakifichwa, kwa kuwa ujuzi ni wao na wanataka waandikwe miongoni mwa waandishi. Wana haki.

Hatua ya 8: Makoti, kama nilivyoahidi

Sufu kwanza mwilini. Pamba ni adui: ikilowa jasho haikauki, na jasho ukisimama huwa barafu. Vaa tabaka, ufungue kabla hujatoka jasho, si baada. Glavu za mtindo wa mfuko, vidole vikae pamoja vipeane joto, na glavu nyembamba ndani kwa ajili ya kuandika. Kalamu ya wino itaganda, chukua penseli. Simu na betri zikae kifuani ndani ya nguo, la sivyo zitakufa kwa dakika chache. Usishike chuma kwa mkono mtupu. Miwani ya jua ni lazima, kwani theluji ya Aprili hurudisha mwanga mpaka macho yakavimba. Na mafuta ya jua, ndiyo, hata kwa ngozi yetu. Ngozi nyeusi nayo huungua.

Wenyeji wakikuazima vazi la ngozi ya karibou, yule kulungu wa kaskazini, au ya sili, weka jaketi lako la dukani pembeni na useme asante.

Usalama kwa jumla ni sentensi moja: mwongoza njia akisema turudi, mnarudi. Usiulize "kwa nini" mkiwa juu ya barafu. Uliza jioni, mkinywa chai, na hapo ndipo utakapopata data bora ya safari nzima.

Hatua ya 9: Rudisha matokeo

Clyde River ni kijiji cha watu zaidi ya 1,000 kwenye kisiwa cha Baffin. Kampuni kadhaa zilitaka kutafuta mafuta baharini huko kwa milipuko ya sauti. Kwenye mikutano wenyeji waliuliza swali la wazi: wanyama wa bahari watadhurika vipi? Hawakujibiwa. Baadaye jibu lilikuja likiwa waraka wa kurasa 3,926, sehemu ndogo tu ikiwa imetafsiriwa kwa Kiinuktitut, katika mahali ambapo intaneti ni ya kubahatisha. Tarehe 26 Julai 2017 Mahakama ya Juu ya Kanada ilifuta kibali cha utafutaji huo, ikaona kwamba mashauriano ya aina hiyo hayakutosha. Uliweke akilini unapotaka "kushirikisha matokeo" kwa kutuma kiungo cha makala ya jarida.

Kuna hatari ya upande wa pili pia, ya kurudisha vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Quebec walitafuta maziwa ya mama yasiyo na sumu ili wayalinganishe na ya mijini, wakachukua ya kina mama wa Kiinuit wa Nunavik, kaskazini mwa Quebec. Walikuta kemikali za viwandani ziitwazo PCB kwa kiwango cha takriban mara tano ya kusini. Zilikuwa zimesafiri na hewa na maji kutoka mbali, zikajikusanya kwenye mafuta ya sili na nyangumi. Taarifa kama hiyo, ikimfikia mama mwenye mtoto titini kupitia gazeti, humfanya aogope kunyonyesha na aogope chakula chake mwenyewe, wakati badala yake dukani ni soda na chipsi za bei ya kuumiza. Kabla ya kuchapisha, wakae wahudumu wa afya wa kijiji, wazee na wewe, mkubaliane maneno: tumekuta nini, ale nini, amuulize nani.

Baadaye wenyeji waliyatumia matokeo hayo wenyewe, na waliyaleta mlangoni kwetu. Januari 1999, kwenye majadiliano ya mkataba wa sumu hizo yaliyofanyika Nairobi, Sheila Watt-Cloutier wa Baraza la Wainuit alimkabidhi Klaus Töpfer, mkurugenzi wa UNEP, sanamu ya Kiinuit ya mama na mtoto. Iliwekwa mbele ya wajumbe katika vikao vilivyofuata, na mkataba ukatiwa saini Stockholm mwaka 2001.

Wewe kwa kiwango chako panga hivi. Ukurasa mmoja kwa lugha ya kijiji, wenye picha, kabla tasnifu haijafungwa, ili wakukosoe kungali na nafasi. Bango shuleni na kwenye duka, ambako kila mtu hupita. Nakala ya data kwa chama cha wawindaji, kwa umbo wanaloweza kulifungua. Kisha urudi kwa miguu yako, uombe nusu saa ya redio, na uache simu ziingie. Watakuuliza maswali ambayo msimamizi wako hakuyawaza. Neno la kufungulia ni asante, ila asante ya Iqaluit ni qujannamiik, na ukivuka mlango-bahari kwenda Nunavik ni nakurmiik. Muulize mkalimani ya kijiji chake ni ipi kabla taa nyekundu ya studio haijawaka.